Kosa la Pili la Mwalimu Hedwiga

Mwalimu Hedwiga Kapinga alipoomba uhamisho kutoka Mbinga mjini ili arudi ziwani, walimu wenzake walimshangaa. Watu huomba kupandishwa mjini, si kuteremshwa. Lakini yeye alikuwa amefiwa na mume, watoto wake wawili walikwisha kujitegemea, na katika miaka yote ishirini na mitano ya kazi hakuna mahali alipopakumbuka kwa furaha kama shule aliyopangiwa mara ya kwanza, katika kijiji kimoja cha mwambao, upande wa Ngumbo.

Alifika pale mwaka 1999, binti wa miaka ishirini na mitatu, Mmatengo wa milimani ambaye hata kuogelea hakujua. Alikaa miaka miwili tu, kisha akahamishiwa juu. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye, walimu walipokaa ofisini wakisubiri chai, yeye ndiye aliyekuwa na hadithi za ziwa: watoto wanaoingia darasani nywele zikiwa bado zinachuruzika maji, akina mama wanaomletea samaki wa mbasa wabichi mlangoni bila kusema wametoka kwa nani, na kelele za mawimbi zinazomlazimu mwalimu kupaza sauti. "Kule ndiko nilikojifunza ualimu," alipenda kusema.

Basi akarudi. Alipewa Darasa la Pili, watoto sitini na mmoja, na alilishika darasa lile kwa mikono miwili. Hakuwa tena yule binti wa zamani aliyekuwa akigombana na kila sauti. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayejua mtoto anayesinzia kwa njaa na anayesinzia kwa malaria. Alianzisha utaratibu wa kusoma nyumbani: kila mtoto asome ukurasa mmoja mbele ya mzazi, na mzazi atie sahihi kwenye daftari. Wazazi wengi walisahau. Wengine walitia sahihi za juma zima kwa siku moja.

Daftari moja tu halikukosa hata siku. Lilikuwa la Violet, msichana wa miaka minane, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, aliyekuwa anasoma kuliko wote darasani. Chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi ileile, herufi D yenye mkia mrefu uliojikunja. Mwalimu Hedwiga hakuwahi kukutana na mama wa mtoto yule uso kwa uso, kwa kuwa siku za vikao vya wazazi alikuwa akimtuma shangazi. Lakini alimtaja mara kwa mara. "Mnamwona Violet?" aliwaambia watoto wengine wa Darasa la Pili. "Violet ana mama anayefuatilia."

Mwezi wa saba mwaka jana, mwalimu mkuu alitoa wazo. Kila darasa litenge juma moja ambalo wazazi na majirani watakuja kuwafundisha watoto kitu wanachokijua. Walimu wengine waliona ni mzigo juu ya mizigo. Mwalimu Hedwiga alilipokea kwa shangwe. Aliandika barua sitini na moja kwa mkono, kila moja ikimwomba mzazi achague siku na aandike atakachofundisha. Zilirudi kumi na moja tu. Ile ya Violet ilirudi siku ya pili, haikuandikwa siku wala somo. Ilikuwa na sahihi tu, D yenye mkia. Mwalimu akadhani mama huyo amekubali siku yoyote, akampanga Alhamisi.

Jumatatu alikuja fundi Kilian, anayeunda mitumbwi ya mbao pale ufukweni. Alikuja na ubao mmoja mrefu, akaulaza juu ya madawati, akawaambia watoto waupime kwa shubiri. Mmoja akapata kumi na nne, mwingine kumi na saba, mwingine ishirini na moja. Wakaanza kubishana, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwongo.

"Hakuna mwongo hapa," fundi Kilian alisema. "Kila mtu amepima kwa mkono aliopewa na Mungu. Sasa mimi nikiwaagiza ninyi nyote mbao za mtumbwi mmoja, huo mtumbwi utaelea?"

"Hautaelea!" darasa zima likapiga kelele.

Ndipo akatoa futi kamba mfukoni. Mwalimu Hedwiga, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye dawati kama mwanafunzi, alijikuta anacheka peke yake. Alikuwa amefundisha vipimo miaka ishirini na mitano na hajawahi kuona watoto wanakishangilia kipimo.

Jumanne ilikuwa zamu ya Bi Mwanahawa, mwenye duka la karibu na kanisa, ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa na kuoa ziwani. Alileta mizani yake ya mawe, akaweka upande mmoja kilo ya sukari na upande wa pili kifuko cha usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokauka. Akawauliza watoto kipi kizito. Karibu wote walisema usipa, kwa sababu kifuko kilikuwa kikubwa. Mizani ilipotulia sawasawa, watoto wa mbele walisimama juu ya madawati waone vizuri. "Macho yanadanganya," Bi Mwanahawa aliwaambia. "Ndiyo maana kukawa na mawe."

Jumatano asubuhi alikuja nesi wa zahanati, akawafundisha kunawa mikono. Mchana wake Mwalimu Hedwiga akaona ni vyema ateremke ufukweni akahakikishe kama mama Violet anakuja kesho yake.

Alimkuta kwenye vichanja vya kuanikia usipa, upepo wa mwera ukivuma na kuvuta kanga yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mikono imejaa magamba yanayong'aa. Alipomwona mwalimu alisimama wima, akajifuta mikono taratibu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Violet. Hatimaye nimekupata. Nimekuja kwa habari ya kesho."

"Kesho kuna nini?"

Mwalimu akacheka kidogo. "Si ulitia sahihi barua? Kesho ni siku yako ya kufundisha."

Mama Violet alimtazama, kisha akageukia usipa wake, akaanza kuwageuza kwa viganja.

"Mwalimu hunikumbuki," alisema. Hakuwa anauliza.

"Tumewahi kuonana?"

"Mimi ni Dorothy. Darasa la Pili, mwaka ule ulipokuja. Nilikuwa nakaa dirishani."

Mwalimu Hedwiga alitabasamu, tabasamu la mtu anayetafuta jina kichwani na kulikosa. Watoto wa mwaka ule walikuwa wengi. Alikumbuka nywele mbichi na mbasa mlangoni. Dorothy hakumkumbuka.

"Uliuliza swali," Dorothy aliendelea, bila hasira, kama mtu anayesimulia habari za jirani. "Uliuliza jua likiwaka maji ya ziwa yanakwenda wapi. Mimi nikanyoosha mkono. Kiswahili changu kilikuwa kidogo, nyumbani kwetu tulisema Kinyasa tu. Nikajibu kwa Kinyasa. Nikasema maji yanapanda hewani, yanakwenda kwenu milimani kwa Wamatengo, mnayachezea wee, mkichoka mnaturudishia kwa mto. Darasa zima likacheka."

Hapo ndipo kitu kilianza kusogea ndani ya kichwa cha Mwalimu Hedwiga. Alikumbuka kicheko. Alikumbuka neno Wamatengo katikati ya maneno asiyoyaelewa, na damu ilivyompanda usoni, mgeni wa miezi miwili anayedhani anatukanwa na watoto mbele ya ubao wake mwenyewe.

"Nilikutoa nje," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulinitoa nje nikasimame kwenye mlingoti wa bendera. Ukasema nitaingia siku nitakapojua kusema kama watu." Dorothy aliokota jani kavu katikati ya usipa, akalitupa. "Nilisimama siku tatu. Siku ya nne nikaenda ziwani na mama mdogo. Nilisubiri uje kuniulizia. Baadaye nikasikia umehama."

"Mtoro," mwalimu alinong'ona. Alikuwa na hakika ndivyo alivyoandika katika daftari la mahudhurio. Mtoro, siku thelathini, kisha mstari juu ya jina.

"Jibu lenyewe lilikuwa sahihi," alisema tena baadaye. "Ulijibu sawasawa."

"Najua. Violet ameshafundishwa hilo. Ndiyo nikajua kwamba nilijibu sawasawa."

Walisimama pale. Mwalimu Hedwiga alitaka kupiga magoti, lakini aliona haya kwa sababu akina mama wengine walikuwa karibu. Alisema pole. Alisema nisamehe, mara mbili tatu, na Dorothy akaitikia kwa kichwa kila mara, kama mtu anayepokea salamu.

Kisha Dorothy akatazama huku na huku, akasogea. "Mwalimu, nikwambie jambo moja, kwa kuwa umekuja mwenyewe. Ile barua sikujua inasema nini. Mimi sijui kusoma. Hiyo sahihi alinifundisha marehemu mume wangu, niwe nachukua dawa zahanati bila kuaibika."

"Lakini daftari la Violet..."

"Violet hajui. Ananisomea jioni, mimi namwangalia mdomo. Akisita, najua amekosea, namwambia rudia hapo. Akipita bila kusita, natia sahihi. Yeye anadhani nafuata maneno." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Anajivuna kwamba mama yake msomi. Naomba hilo likae hapahapa kwenye vichanja, mwalimu. Nitamwambia mwenyewe siku nikiwa tayari."

"Haliendi popote," Mwalimu Hedwiga alisema. "Nakuapia."

Na Dorothy akakubali kuja kesho.

Alhamisi darasa lilijaa mpaka dirishani. Dorothy alikuja amevaa kitenge kipya na ungo wa usipa wabichi kichwani. Mwanzoni aliongea chini chini akitazama sakafu. Lakini alipoanza kuonyesha jinsi ya kumtambua usipa aliyevuliwa usiku na aliyevuliwa alfajiri, kwa jicho lake na ulaini wa tumbo, sauti ilimtoka. Aliwaeleza kwa nini kichanja kinainuliwa juu, kwa nini mchanga ni adui, na jinsi upepo wa mwera unavyokausha haraka kuliko jua. Maneno mengine aliyasema kwa Kinyasa, na watoto walioelewa wakawatafsiria wenzao waliotoka familia za wageni. Aliuliza maswali, na kila aliyejibu, kwa lugha yoyote, alimwambia, "Sawasawa, keti."

Violet alikaa dawati la mbele mikono imefumbatwa, shingo imenyooka. Hakunyoosha mkono hata mara moja. Alikuwa anawatazama wenzake wakimtazama mama yake.

Mwalimu Hedwiga alikuwa nyuma. Hakuwa amelala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, na sasa kila "sawasawa, keti" ilimchoma. Alimwona mwanamke yule anavyolishika darasa, akawaza angekuwa nani leo kama isingekuwa ule mlingoti. Angekuwa mwalimu. Pengine angekuwa mwalimu mkuu wa shule hii. Akaona kwamba hawezi kuliacha somo lile liishe hivihivi, kwa makofi na asante, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Makofi yalipotulia alikwenda mbele, akasimama kando ya Dorothy, akamshika mkono.

"Watoto wangu," alisema. "Mama huyu aliwahi kukaa katika darasa hili. Nilikuwa mwalimu wake. Siku moja alijibu swali vizuri sana, kwa lugha ya kwao, nami sikuelewa. Badala ya kuuliza, nikamwadhibu. Nikamfukuza. Nataka mjue kwamba mwalimu naye hukosea. Nilimkosea mama huyu kosa kubwa. Kwa sababu yangu mimi mpaka leo hajui kusoma wala kuandika, mtu mwenye akili kama hii..."

Alisikia mkono wa Dorothy ukikakamaa ndani ya wake. Ndipo aliposikia alichosema.

Violet akasimama. Hakuonekana kuumia. Alionekana kama mtoto anayemsaidia mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni.

"Mwalimu, mama anajua kusoma," alisema. "Ananisahihishaga kila siku."

"Violet, keti," mwalimu alisema.

"Lakini anajua!" Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha kusomea, akaenda mbele nacho, akamwekea mama yake mkononi kikiwa kimefunguliwa. "Mama, wasomee hapa. Pale pa sungura na kisima. Jana tumesoma."

Dorothy alikishika kile kitabu. Macho yake yalishuka kwenye ukurasa, yakakaa hapo. Watoto sitini walimsubiri. Huenda alikumbuka hadithi yote ya jana neno kwa neno, na huenda angeweza kuisema kwa kichwa na watoto wasijue. Mwalimu Hedwiga alimwombea kimoyomoyo afanye hivyo. Lakini Dorothy alikifunga kitabu kwa upole, akamrudishia mwanawe.

"Nimewaacha usipa kwenye vichanja," alisema. "Upepo umebadilika."

Akachukua ungo wake, akatoka. Violet alibaki amesimama mbele ya darasa, kitabu kifuani, akitazama mlango. Hakulia. Alirudi kwenye dawati lake, akakiweka kitabu mkobani, akafunga vifungo vyote viwili.

Ijumaa Violet hakuja shule. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kufunga juma. Mwalimu mkuu alihutubia wazazi, akasema Darasa la Pili limekuwa mfano kwa shule nzima, akamtaka Mwalimu Hedwiga asimame apigiwe makofi. Fundi Kilian alipiga mluzi. Watoto waliimba wimbo walioutunga wenyewe juu ya shubiri na futi kamba. Mwalimu Hedwiga alisimama, akainamisha kichwa kama anayeona haya kwa sifa, na watu wakampenda zaidi kwa unyenyekevu wake.

Mchana aliteremka ufukweni. Dorothy alikuwa kwenye vichanja vilevile. Safari hii hakusimama wala hakuacha kazi, ila alitoa shikamoo, kwa kuwa alilelewa hivyo.

"Marahaba. Dorothy, sijui niseme nini."

"Basi usiseme, mwalimu."

"Lilinitoka. Sikukusudia. Moyo ulikuwa umejaa, nilitaka watoto wajue kwamba wewe hukuwa na kosa, kwamba kosa ni langu..."

Dorothy aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka.

"Mara ya kwanza hukujua lugha yangu," alisema. "Hilo nilikusamehe zamani, hata kabla hujarudi. Ulikuwa mgeni na ulikuwa binti mdogo. Lakini juzi nilikwambia kwa Kiswahili."

Mwalimu Hedwiga alinyoosha mkono amsaidie kugeuza usipa, kisha akaurudisha.

"Ulikuwa na mzigo wako, ukachoka kuubeba. Ukautua kichwani kwa mtoto wangu." Dorothy aligeuza usipa wa mwisho upande ule, akahamia kichanja kingine. "Jana jioni hakunisomea. Nilimwita, akasema amechoka. Akalala na nguo za shule."

"Niruhusu nikufundishe," mwalimu alisema haraka. "Kila siku baada ya kazi, nitakuja mimi mwenyewe, hata hapa ufukweni. Kwa miezi sita tu utakuwa unasoma."

"Hapana, mwalimu."

"Dorothy, tafadhali."

"Ungetaka sana nikubali. Naona." Hakusema kwa ukali. "Mfundishe Violet. Usimwonee huruma, usimpe cheo, usimwite pembeni. Mfundishe kama wengine. Na huku kwangu usije tena."

Violet alirudi Jumatano iliyofuata. Alikaa pale pale dawati la mbele, akaendelea kusoma kuliko wote. Daftari lake la kusoma nyumbani lilikuja likiwa tupu chini ya ukurasa, siku hiyo na siku zilizofuata, na mwalimu hakuuliza. Siku moja tu, wakati wa mapumziko, mtoto alikuja mezani mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "mama alikuwa ananisahihisha kweli. Kila nilipokosea alijua. Sikuwa naongopa."

"Najua, Violet. Hukuongopa."

"Wenzangu wanasema nilikuwa naongopa."

Mwalimu alisema atazungumza nao. Kisha akakumbuka alichoombwa, na akakumbuka pia ni nini hutokea yeye anapozungumza na darasa zima. Hakuzungumza nao. Mpaka leo hajui kama alifanya vyema siku ile, au kama pale ndipo alipotakiwa kufungua kinywa.

Mwezi wa kumi fundi Kilian alimsimulia, kama habari njema tu ya kijijini, kwamba Restituta, mke wa katekista, ameanzisha darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa siku za Jumanne, na wamejitokeza akina mama tisa. "Hata mama Violet yumo," alisema. "Wanasema anashika haraka mno. Kwa nini usiende kuwasaidia, mwalimu? Wewe ndiye mtaalamu."

"Restituta anatosha," Mwalimu Hedwiga alijibu.

Alifurahi, na ilikuwa furaha ya kweli. Lakini Jumanne zile alianza kurudi nyumbani kwa njia ya juu, ya mihogoni, ambayo ni ndefu na ina vumbi, ili asipite mbele ya ukumbi. Siku aliposahau na kupita, alisikia kwa ndani sauti za wanawake wazima wakiunganisha silabi, ba, be, bi, na kicheko cha mmoja aliyekosea. Hakusimama kusikiliza kama ya Dorothy ilikuwemo. Alijua kwamba jukumu la kumrudisha darasani halikuwa lake tena. Lilikuwa lake kwa siku tatu tu, mwaka 1999, alipoweza kutoka nje ya darasa, kutembea hatua thelathini mpaka kwenye mlingoti na kumwambia mtoto aingie.

Hadithi za ziwa hakuzisimulia tena. Alipopanda Mbinga wakati wa likizo na walimu wenzake wa zamani wakamwomba moja, alisema amezisahau, wakamtania kwamba uzee umeanza.

Mwaka ulipokwisha, Darasa la Pili lilipanda kuwa la Tatu. Siku ya kufunga shule watoto walipita mezani mmoja mmoja kuchukua ripoti na kuaga. Violet alikuwa wa kwanza kimasomo, hivyo aliitwa wa kwanza. Mwalimu Hedwiga alikuwa ameandaa maneno, ameyapunguza, ameyapunguza tena, mpaka yalibaki mawili matatu yasiyoweza kumdhuru mtu.

"Umefanya vizuri, Violet."

"Asante, mwalimu."

Mwalimu alingoja. Hakujua anangoja nini kwa mtoto wa miaka minane. Labda neno kutoka nyumbani, labda salamu. Violet alipokea ripoti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa, akatazama kama kuna kingine anachotakiwa kufanya. Hapakuwa na kingine. Akageuka, akakimbilia nje waliko wenzake, na mwalimu akaita jina la pili.